Anko wa Uyole: Huo sio mtaji, ni kiingilio

Kamwene wa Iringa na Njombe, mwagonile wa Mbeya na Rungwe. Baridi ya mwezi huu imenifungia ndani na jiko la mkaa, nikasema basi ngoja nisome meseji zenu zote, aisee, nusu nzima ni kamari. Kasino, kandege ka kwenye simu, madubwi yale mashine ya sarafu, mikeka ya kubeti. Mpaka nikahisi kuna mtu kawatuma. Kwa mgeni wa ukurasa huu nijitambulishe kidogo, mi kabla sijaja kuuza viazi hapa Uyole niligawa karata miaka minne kwenye kasino moja Dar, nilikuwa navaa kizibao na tai ya kipepeo kama mhudumu wa harusini, kwahiyo haya mambo nayajua kutokea upande wa pili wa meza, ule upande ambao mwisho wa mwezi haujawahi kukosa mshahara.

Tuanze na kijana wa boda maana swali lake ndo limebeba mengine yote.

*Anko shikamoo. Mi ni boda, kijiwe chetu kipo Kabwe. Mwezi ujao naenda Dar kwenye harusi ya binamu yangu na nataka usiku mmoja niingie kasino, sijawahi kuingia, naonaga tu kwenye simu. Nimejichanga mtaji wa laki tatu, humo ndani kuna laki na nusu nilikuwa nimetenga ya tairi na sevisi ila nitairudishia nikishinda. Naomba unipe maandalizi ya akili ili niingie na akili ya ushindi, na unielekeze jinsi ya kuugawa huo mtaji usikate mapema. Pia washkaji wananiambia usiingie na hofu, eti hela inanusa hofu. Boda wa Kabwe, Mbeya.*

Marahaba mwanangu. Nimeisoma meseji yako mara tatu na neno lililonikwama ni hilo la mtaji. Nani kawafundisha kuita hii hela mtaji? Mtaji ni hela inayotoka asubuhi na kurudi jioni imeshikana mkono na mwenzake. Mi nikinunua gunia la viazi, hata bei ikianguka Dar, viazi bado ninavyo, nitauza kwa hasara, nitakula, nitampa jirani, kuna kitu mkononi. Kule kasino hununui kitu. Unalipa kukaa mezani na kushtuka shtuka moyo kwa masaa mawili. Ni kama unavyoenda Sokoine kuangalia Mbeya City, unalipa getini, unapiga kelele, wakifungwa unatukana refa, unarudi nyumbani, sijawahi kusikia mtu karudi getini kesho yake kudai kiingilio. Sasa hela ya kasino ni kiingilio. Ukiiita mtaji akili yako itaanza kuidai irudi, na hapo ndo watu wanapopotelea, sio kwenye karata.

Ngoja nikuonyeshe kwa nini nasema hivyo, tuchukue ruleti, ule mchezo wa gurudumu na mpira, maana ndo utaikimbilia, wote wageni wanaikimbilia. Gurudumu la kawaida lina vyumba 37, namba 1 mpaka 36 na sifuri moja. Jifanye tajiri, weka buku buku kwenye kila namba, zote 37. Umetoa elfu 37. Mpira ukitua popote umeshinda, si ndio? Unalipwa elfu 35 na buku lako linarudi, jumla elfu 36. Buku moja limebaki kwa mwenye nyumba. Hakukuibia, hakukuloga, hakubonyeza kitufe chini ya meza, ndo ushuru wake huo, kama ule wa sokoni Mwanjelwa unaolipa hata kama hujauza. Ukiupiga hesabu ni asilimia 2.7 ya kila shilingi unayoweka mezani. Na kuna magurudumu yana sifuri mbili, yanakuwa na vyumba 38 ila malipo ni yaleyale, hapo ushuru unapanda mpaka asilimia 5.26. Kwahiyo kabla hujavuta kiti angalia gurudumu, ukiona sifuri mbili hamia meza nyingine. Blakijaki, mchezo wa karata wa kutafuta 21, ina ushuru mdogo zaidi, unaweza kushuka mpaka kama nusu asilimia, ila ni kwa mtu aliyekariri lini aongeze karata na lini atulie, na kwenye meza inayolipa 3 kwa 2. Siku hizi kuna meza zinalipa 6 kwa 5, yaani umeweka elfu kumi ukapata blakijaki yenyewe, 21 kwa karata mbili za kwanza, badala ya kupewa elfu 15 unapewa 12. Wameandika palepale kwenye kitambaa cha meza ila watu hawasomi.

Haya, laki tatu yako. Laki na nusu ya tairi itoe, na hapa sikubembelezi. Hiyo "nitairudishia nikishinda" nimeisikia kwa watu wazima wenye tai wakiwa wanalia chooni. Tairi lako ndo mtaji, lile linarudi kila jioni na hesabu ya bosi na ugali wa nyumbani. Umebaki na laki na nusu. Tiketi ya kurudi Mbeya kata kabla hujatoka Mbeya, usiseme nitakata Dar. Zawadi ya bwana harusi nayo itoe mapema umkabidhi mama yake. Sasa hesabu kilichobaki, tuseme ni laki moja, au themanini. Nakuuliza swali moja tu: hii hela ingedondoka dirishani basi likiwa linashuka Kitonga, ungeumia, sawa, lakini je kuna mtu nyumbani angelala njaa au kuna ada isingelipwa? Kama jibu ni hakuna, basi hicho ndo kiingilio chako. Kama jibu linasitasita, punguza mpaka lisisitesite.

Ukishapata kiasi, kigawe kwa hamsini, hiyo ndo saizi ya dau lako. Laki moja ni buku mbili mbili. Ukifika ukakuta kibao cha meza kinasema dau la chini ni elfu tano, basi jua una madau ishirini tu, na madau ishirini yanaweza kwisha kabla soda haijaisha. Hapo una njia mbili, ukae pembeni uangalie wenzako, na wala sio aibu, au ucheze taratibu, unaruka raundi mbili unaweka moja. Mwendo ndo kitu ambacho watu hawakihesabu kabisa! Meza ya ruleti inaweza kuzungushwa tuseme mara 40 kwa saa, ukiweka elfu tano kila mara umepitisha laki mbili mezani, na ushuru wake wa wastani ni kama 5,400. Sloti ile ya kubonyeza, dau jero tu, lakini mkono ukikolea unabonyeza mara 600 kwa saa, umepitisha laki tatu, na tuseme mashine hiyo inabaki na kumi katika kila mia, umelipa elfu 30. Jero imekuwa ghali kuliko elfu tano. Na nimesema wastani, mwanangu, siku yenyewe haiendi na wastani, unaweza kutoka na laki mbili unatabasamu au ukakauka ndani ya dakika ishirini, mawimbi ndo mchezo wenyewe. Ila ushuru uko palepale chini ya mawimbi.

Akili sasa. Akili ya ushindi kampe bondia. Kale kampira hakakujui, hakajui umetoka Mbeya wala kwamba umejiamini. Cha kuandaa ni kitu kingine: maamuzi yote yafanye ukiwa bado nje unanuka vumbi la stendi, kwa sababu mtu atakayekaa pale mezani saa sita usiku sio wewe, ni ndugu yako fulani mwenye macho mekundu ambaye hujawahi kukutana naye. Ndani nilikokuwa nafanya kazi hakukuwa na saa ukutani wala dirisha, kinywaji kilikuwa kinakufuata ulipo, na hela ukiingia unabadilishiwa chipsi (sio za mayai, za plastiki) na hapo ndo uchawi wenyewe ulipo, elfu kumi ya noti ukiishika unaona kilo za mchele, chipsi ya elfu kumi ni kifungo cha shati tu. Kwahiyo andika kwenye kikaratasi: naingia na kiasi hiki, natoka saa hii, nikishinda inaingia mfuko wa kushoto na mfuko wa kushoto haufunguliwi mpaka nifike kwa binamu. Simu muachie binamu, maana simu ndo wakala, ndo mkopo, ndo kila kitu. Nilikuwa nawaona, mtu anasema natoka nje kupiga simu, akirudi ana noti mpya. Alikuwa haongei na mtu huyo.

Na nisikudanganye, hivi vikaratasi na mifuko ya kushoto havibadilishi hesabu ya gurudumu hata kidogo. Kinachobadilika ni kiasi utakacholipa usiku huo na hali utakayoamka nayo.

Kuhusu hofu, washkaji zako wamekosea. Hofu ndo inayokurudisha nyumbani. Kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani alikuwa anakuja Ijumaa, ana bahasha, ndani ya bahasha kiasi kilekile kila wiki, anakaa meza yangu masaa mawili anaongea habari za mpira. Siku moja alikuwa anashinda vizuri sana, meza nzima inamshangilia, ikafika saa yake akaanza kukusanya. Nikamwambia mzee mbona leo nyota inawaka? Akasema mke wangu amepika. Akaondoka. Katika miaka minne huyo ndo mteja pekee ambaye sikuwahi kumwona akibadilika sura. Wewe katafute mtu wa kukupikia Dar siku hiyo, mwambie unarudi saa tano.

Halafu beba kitambulisho, chini ya miaka 18 hairuhusiwi, na uingie sehemu yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, sio chumba cha uani mtu anakuita kwa mluzi.

*Anko mambo. Mi nasoma chuo hapa Iringa, nakaa Kihesa. Kuna mfumo nimeupata kwenye grupu, unaweka dau kwenye nyekundu ya ruleti, ukiliwa unadabo, ukiliwa unadabo tena, siku yoyote ikitoka nyekundu unarudisha zote na faida juu. Nimejaribu na karanga na marafiki gheto imefanya kazi siku nne mfululizo. Nina elfu sitini ya boom (hela ya mkopo wa chuo) imebaki, naanza na jero. Je mtaji unatosha au niongeze kidogo? Msomi njaa, Iringa.*

Poa. Huo mfumo una umri mkubwa kuliko babu zangu, na kasino zinaupenda sana, mi nilikuwa nikimwona mtu anadabo nachanganya karata kwa furaha. Tuhesabu pamoja maana we msomi. Jero, buku, buku mbili, elfu nne, elfu nane, elfu kumi na sita. Hizo ni mara sita tu umeliwa na umeshatoa 31,500. Dau linalofuata ni elfu 32 na mfukoni una 28,500. Umeishia hapo, na huo mfumo wote ulikuwa unatafuta nini? Jero. Hata ukija na laki ungeongeza dau moja tu, na meza nazo zina dau la juu, ukilifika huruhusiwi kudabo hata uwe na gari limejaa hela nje.

Utasema kuliwa mara sita mfululizo ni bahati mbaya sana. Sio sana. Kwenye gurudumu la sifuri moja, nyekundu inakukosa mara 19 katika 37 (nyeusi 18 na ile sifuri), na ukizidisha hiyo mara sita unapata kama asilimia 1.8, yaani katika kila 54 au 55 unazoanza, moja inakwenda na 31,500 yako. Hizo nyingine 53 zimekuletea jero jero, haifiki hata elfu 27. Ndo maana na karanga ilifanya kazi siku nne, jero nyingi ndogondogo zinakuja kwanza, lile rungu linakuja siku ya tano.

Na hili la "imeshatoka nyeusi mara tano sasa lazima nyekundu" naomba ulisikie vizuri. Tarehe 18 Agosti 1913 kule kasino ya Monte Carlo mpira ulitua nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walikuwa wanajaa nyekundu kila mzunguko wakisema haiwezekani tena, haiwezekani tena, wakapoteza mamilioni. Gurudumu halina daftari. Halikumbuki ya jana wala ya dakika iliyopita.

Elfu sitini ya boom ni hela ya kula wewe. Kula. Na hao wa grupu wakikuomba ada ya kukutumia signo, jiulize kwanini mwenye mfumo wa kushinda kila siku anahitaji elfu kumi ya mwanafunzi wa Kihesa.

*Anko, kuna mganga hapa kaniambia nioge maji ya dawa kabla ya kwenda kubeti na nisimsalimie mtu njiani. Inasaidia? Fundi wa Tunduma.*

Inasaidia kuwa msafi. Salimia watu.

*Anko habari za kazi. Mi nauza chakula jirani na mashine za mbao hapa Mafinga. Usiku watoto wakilala nacheza kandege kwenye simu, naanza na jero au buku, inanipunguzia mawazo. Wiki iliyopita niliweka elfu tano ikapanda mpaka laki na ishirini, nikajisemea ikifika laki mbili natoa nalipa ada. Ikaisha yote saa nane usiku, nikaongeza na ya maharage. Nataka kujua tu, mtu anajiandaaje kisaikolojia aweze kuacha ikiwa juu? Dada wa Mafinga.*

Salama dada, pole na moshi na pole na usiku huo. Nimependa umesema ukweli wote mpaka wa maharage, wengi wanaishia kwenye laki na ishirini.

Kwa wasiojua, kandege kanaruka na kuhesabu, moja nukta mbili, mbili, tano, unatakiwa ubonyeze utoe kabla hakajapaa kwenda zake, kakipaa hujabonyeza umeliwa. Waliotengeneza Aviator, ndo jina lake hako kandege, wenyewe wanasema inarudisha 97 katika kila mia, kwahiyo ushuru ni tatu, ukisikia unaona kidogo. Lakini ni tatu ya kila unachoweka, kila raundi, sio ya usiku mzima. Ile elfu tano yako haikuwekwa mara moja dada, uliizungusha labda mara mia mbili usiku huo, na kila ikizunguka inapita getini inakatwa. Kusubiri ifike mara mbili tu, nafasi yako ni kama 48 au 49 katika mia, na ukitaka mara kumi ni chini ya moja katika kumi. Vile vinamba vya raundi zilizopita juu ya kioo ni mapambo, usivisome kama majani ya chai. Na ukitumiwa programu ya kutabiri ndege itapaa wapi, huyo ni mwizi, sijui nikwambie vipi kwa upole.

Swali lako sasa. Hukushindwa kuacha kwa sababu huna akili, ulishindwa kwa sababu ulichora mstari ukiwa tayari umekolea. Laki mbili uliipanga ukiwa na laki na ishirini, na ungeifika ungepanga tatu, mi nakuhakikishia, nimeona mamia ya watu wakisogeza mstari kama mtu anayesogeza mpaka wa shamba usiku. Mstari unachorwa saa kumi jioni ukiwa unaosha masufuria. Unasema leo buku mbili, ikiisha nimelala, na chochote kikifika elfu kumi natoa palepale hata kama ni raundi ya pili. Ukitoa isirudi kwenye laini unayochezea, iende kwenye laini ya kikoba ambayo namba ya siri anaijua mdogo wako, sio wewe. Hela ya maharage na unga isikae kabisa kwenye simu ya kandege. Hii sio saikolojia ya vitabu, ni kuweka mlango kati ya mbuzi na mahindi. Na kuanzia saa nne usiku usicheze, maana usingizi ukishaanza kuja unabonyeza kama umelewa.

Halafu, samahani naingilia. Umesema inakupunguzia mawazo. Mawazo yepi? Kama ni ada, huo mchezo ndo unayaongeza. Kama ni upweke, jamani si kuna kina mama wenzako hapo kwenye mbao mnaofunga biashara saa moja? Sijui, mi mwanaume labda naropoka. Ila siku ukijikuta umechukua mkopo wa simu ili ucheze, hata wa buku tano, usiniandikie kuhusu kujiandaa tena. Ingia kwenye mipangilio au piga huduma kwa wateja waambie wakufungie akaunti ya kandege.

*Kaka, mimi ni mke wa mtu, Tukuyu vijijini. Mume wangu aliuza parachichi zetu zote na hela hatujaiona, imeishia kwenye madubwi na mikeka, mwanzo alikuwa ananificha. Kumbe amekopa kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, na wanakuja nyumbani. Sasa ananiomba laki mbili ya kikoba changu, anasema amejifunza, safari hii atacheza kwa nidhamu, ana mpango kwenye daftari, arudishe deni alafu aache. Nimpe kwa mara ya mwisho?*

Hapana dada yangu. Nimejibu kwanza ili usisome ukiwa unasubiri.

Yote niliyoandika huko juu, bahasha, kugawa kwa hamsini, mfuko wa kushoto, ni ya mtu anayeenda kustarehe na akitoka anasahau. Mumeo hayuko huko tena. Anayecheza ili arudishe deni hana kiingilio, ana kitanzi. Ameficha, amekopa, ameuza cha familia, na bado anaona dawa iko kwenye mashine ileile. Shirika la Afya Duniani limeshauweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, kwahiyo usimwite mwizi wala mlogwa, lakini pia usimpe hela. Lile daftari lake naamini ni zuri tu, mi nimeona madaftari yamepigwa rula mistari miwili. Dubwi halisomi daftari. Na mashine ile imetengenezwa ikuonyeshe picha mbili zimelingana na ya tatu imesimama juu kidogo, mtu anatoka pale anasema nilikaribia, wakati hakukaribia popote, kuliwa kwa picha iliyosogea kidogo ni kuliwa tu.

Fanya hivi. Deni la kausha damu lisipite mkononi mwake. Muende wewe, yeye na kaka yake mkubwa au mzee anayemheshimu, mkae na mdai mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mwandike ni kiasi gani hasa kimebaki, maana hao jamaa riba yao inazaa usiku, na mpange kulipa kidogokidogo kwa maandishi, kila ukilipa unapewa karatasi. Msimu ujao mnunuzi wa parachichi amlipe nani, hilo liongewe sasa hivi kabla miti haijachanua, na hela iingie kwenye laini yako. Atakasirika. Simu yake na akaunti zake za kubeti azifunge mwenyewe kwa mkono wake mbele yenu, ukimfungia wewe kwa siri atafungua nyingine kesho.

Na apelekwe kuongea na wataalamu wa afya ya akili, hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya mjini. Najua kijijini watasema amechanganyikiwa. Sema anaenda kupima presha, hawatakuuliza mara mbili. Nenda naye wewe, usimpe nauli aende peke yake, stendi zina vibanda vya mikeka kushoto na kulia.

Kikoba chako usikiguse, na usimwambie tena kina shilingi ngapi.

Niandikie baada ya kikao. Na wale wote saba mlioniuliza kuhusu ukungu wa viazi, sijawasahau, mvua ikianza nitauandikia ukurasa mzima, kwa sasa acheni kumwagia majivu.